Mapenzi Kazini: Nani Aache Kazi?



Huenda wengine mtashangaa kuona ukurasa huu, ambao kwa kawaida huzungumzia mishahara na likizo, leo unazungumzia sinema ya mapenzi kutoka Thailand. Naomba mnivumilie. Sinema yenyewe inahusu wafanyakazi wenzetu, tena inahusu jambo ambalo limekwisha kutufika hapa kwetu, nami nilikuwamo.

Sinema hiyo inaitwa ATM: Er Rak Error. Iliongozwa na Mez Tharatorn, ikatolewa na kampuni ya GTH mwezi Januari 2012, na mwaka huo hakuna sinema ya Kithai iliyoingiza fedha nyingi kuishinda. Baadaye ilizaa mchezo wa mfululizo wa televisheni. Wachezaji wakuu ni Chantavit Dhanasevi, ambaye ndiye Suea, na Preechaya Pongthananikorn, ambaye ndiye Jib. Mimi niliiona katika simu ya binti yangu. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza na yalikimbia kuliko macho yangu, kwa hiyo yeye alisoma na kunifasiria.

HADITHI KWA UFUPI

Suea na Jib ni wafanyakazi wa benki moja, upande wa mashine za kutolea fedha. Wamependana miaka mitano, lakini kwa siri, kwa sababu benki yao imepiga marufuku wafanyakazi kupendana wao kwa wao. Sasa wanataka kuoana. Wakioana siri itatoka, na itabidi mmoja aondoke. Nani aondoke? Hakuna anayetaka, maana kila mmoja anaipenda kazi yake.

Wakati huo huo mashine moja katika mkoa wa Chonburi inaharibika, inawatolea watu fedha mara mbili ya zile walizoomba. Baht 130,000 za benki zinaingia mifukoni mwa wenyeji. Basi wapenzi hawa wanawekeana dau: atakayezirudisha fedha hizo atabaki na kazi, na atakayeshindwa atajiuzulu. Hapo ndipo vituko vinapoanza. Mwisho wake sitausema, nisije nikawaharibia utamu wale wanaotaka kuitazama.

MAZURI YAKE

Kwanza, inachekesha, na kicheko si kitu kidogo kwa mtu aliyetoka kazini amechoka. Tulicheka mpaka mama watoto akaja kuuliza kuna nini.

Pili, inasema kweli juu ya maisha ya kazini. Sheria ya Thailand inaruhusu saa 8 za kazi kwa siku na 48 kwa wiki. Mtu anayekaa na wenzake saa zote hizo atapendana na nani, kama si na wale anaowaona? Kanuni ya kukataza mapenzi haiyazuii mapenzi. Inachofanya ni kuwafundisha watu waaminifu kusema uongo kila asubuhi.

Tatu, na hili nalisifu zaidi, Jib hakuandikiwa kuondoka kwa kuwa ni mwanamke. Anaipigania kazi yake sawasawa na mwanamume. Katika nyumba zetu nyingi swali la nani aache kazi huwa limekwisha kujibiwa kabla halijaulizwa.

MAPUNGUFU YAKE

Upungufu wake mkubwa ni lile dau lenyewe. Litazameni vizuri. Aliyeweka kanuni ni benki. Mashine iliyokosea ni ya benki. Lakini wanaotoka jasho ni wafanyakazi wawili, wanashindana kurudisha fedha za benki, na zawadi ya mshindi ni kubaki na kazi ambayo tangu mwanzo ilikuwa yake. Benki haikuweka hata senti katika dau hilo. Likienda huku au huku, mfanyakazi mmoja atatoka.

Tena atatoka vipi? Atatoka kwa kujiuzulu. Hapa ndugu zangu msikilize kwa makini. Sheria ya Thailand ya Kulinda Kazi ya mwaka 1998 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi bila kosa ampe kiinua mgongo. Mtu aliyetumika miaka mitatu bila kutimiza sita hupata mshahara wa siku 180. Aliyetimiza sita bila kufika kumi hupata wa siku 240. Lakini anayejiuzulu mwenyewe hapati kiinua mgongo hicho. Kwa hiyo yule atakayeshindwa katika dau hatapoteza kazi tu. Atamsamehe mwajiri karibu nusu mwaka wa mshahara, tena kwa mkono wake, akidhani anacheza mchezo na mpenzi wake.

Si kwamba watu wa sinema wa Thailand hawaijui kazi. Kampuni hiyo hiyo ilitoa sinema nyingine mwaka 2015, iliyoongozwa na Nawapol Thamrongrattanarit, juu ya fundi wa kurekebisha picha kwa kompyuta asiye na mwajiri wa kudumu. Jina lake la Kithai lina maana ya kwamba ni marufuku kuugua, marufuku kupumzika, marufuku kumpenda daktari. Kijana yule anafanya kazi siku tano bila kulala, mwili unamtoka vipele, na kwa daktari wa hospitali ya serikali ndiko anakoonja mapenzi. Mle kazi inaonekana inavyomla mtu. Katika ile ya benki, kanuni ya mwajiri imekuwa kama mvua: imenyesha, na kila mtu atafute mwavuli wake.

YALIYONIFIKA MIMI

Mwaka 2014 nilikuwa mgeni katika kazi hii ya kuandaa wafanyakazi. Katika hoteli moja, ambayo sitaitaja, mpishi na kijana wa stoo walioana. Meneja akawaita akawaambia kwamba kanuni ya nyumba hairuhusu mke na mume, na kwamba ikifika mwisho wa mwezi mmoja wao awe ameondoka. Wakaja kwangu. Nami nikawajibu, “Haya ni mambo ya nyumbani. Nendeni mkakae, mpatane nani aondoke.” Nilidhani nimesema maneno ya busara.

Baada ya siku tatu wakarudi wamepatana. Dada ndiye ataondoka, kwa kuwa mshahara wake ulikuwa mdogo. Meneja akamsogezea karatasi iliyokwisha kupigwa taipu, naye akatia sahihi. Iliandikwa kwamba anajiuzulu kwa hiari yake. Mimi nilikuwapo, niliona, na sikusema neno. Baada ya kutumika miaka sita alitoka na mshahara wa mwezi ule tu.

Baadaye akawa anapika chapati karibu na lango la hoteli ile ile. Nilikuwa nikipita kununua. Hakunilaumu hata siku moja. Aliniita Katibu, kwa heshima ile ile, akanifungia chapati zangu. Afadhali angenilaumu.

Basi binti yangu aliponifasiria dau la Suea na Jib, yeye alicheka, mimi kicheko kilinikauka. Shauri lao lilikuwa shauri langu: pataneni nani aondoke. Sinema imekosea pale pale nilipokosea mimi. Tumechukua neno la mwajiri tukaliita jambo la mke na mume.

WANGEFANYA NINI?

Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya Thailand ya mwaka 1975 inasema kwamba wafanyakazi kumi wanaweza kuomba kuandikisha chama. Ina kasoro zake, kwa mfano inataka hao kumi wawe raia wa Thailand, na wageni wengi wanaofanya kazi kule wakafungiwa nje ya mlango huo. Lakini Suea na Jib walikuwa wawili tayari. Walihitaji wenzao wanane. Katika benki nzima, wapenzi wa siri hawakosekani wanane!

Hata bila chama, sheria hiyo inaruhusu wafanyakazi kuandika madai yao, mradi 15 katika kila 100 wanaohusika watie sahihi, na mwajiri akisha kuyapokea anatakiwa aanze mazungumzo katika siku tatu. Tena mwaka 2008 ile sheria ya 1998 iliongezewa kifungu: kanuni ya kazi inayompa mwajiri faida kupita kiasi juu ya mfanyakazi, mahakama inaweza kuamuru itumike kwa kadiri ya haki tu. Njia zilikuwapo. Sinema haikuzipita.

Lazima pia tuwe waadilifu, waajiri nao wana hoja. Mke na mume wakishika funguo mbili za sefu moja, si vizuri. Mmoja akiidhinisha saa za ziada za mwenzake, wengine watanung'unika, na watakuwa na haki. Lakini dawa ya hayo ni kuhamishwa idara au tawi kwa mshahara ule ule, si kunyang'anywa kazi.

Na msichanganye mapenzi na uonevu. Mkubwa wa kazi anayemsumbua aliye chini yake, huku ameshika cheo chake na ripoti yake mkononi, huyo hatafuti mchumba. Sheria ile ile ya Thailand inamkataza mwajiri, mkuu na msimamizi kufanya hivyo, na faini yake inaweza kufika baht 20,000. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, nao unapinga udhalilishaji kazini. Chama kimtetee anayependa, na kimtetee anayesumbuliwa, bila kuwachanganya.

SHAURI LANGU KWA MATAWI

Kabla ya mazungumzo yajayo ya mkataba wa hali bora, kila tawi liulize kama mwajiri wake ana kanuni ya namna hii. Wengine wanayo na haijabandikwa popote, husubiri arusi ndipo itoke mezani. Tudai mambo matatu. Asiachishwe mtu kwa sababu ya kuoa au kuolewa. Pale penye hoja ya kweli mmoja ahamishwe, asipunguziwe mshahara wala miaka yake ya kazi. Na mwanachama yeyote akisogezewa karatasi ya kujiuzulu iliyoandikwa na mwingine, asitie sahihi kabla mwakilishi wake hajaisoma.

Hili la mwisho nalisema kwa aibu. Mwakilishi alikuwapo siku ile, na alijua kusoma.

Sinema itazameni mkipata nafasi, mcheke kama tulivyocheka sisi. Ikiisha, mwulizane tawini: katika dau lile, benki iliweka nini?

Wenu katika kazi,
Katibu Mwandaaji