Jokofu la Zamani Lisilopoza: Sababu Zake na Namna ya Kuzitambua

Majokofu ya zamani, yale ya mlango mmoja yenye kisanduku cha barafu juu na mabomba meusi mgongoni, yangali yanatumika majumbani na katika baadhi ya ofisi za Unguja na Pemba. Yanapopungua ubaridi, neno la kwanza kusikika ni kwamba gesi imekwisha. Aghlabu neno hilo si la kweli, na mwenye jokofu hulilipia kwa fedha zake.

Yafaa ieleweke kwamba gesi ya jokofu haitumiki ikaisha kama yanavyoisha mafuta ya taa katika kandili. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa huishindilia, mabomba ya mgongoni huitoa joto hata ikawa kimiminika, kisha hupita katika bomba jembamba na kuchemka ndani ya kuta za kisanduku cha barafu, ikichukua joto la vyakula. Ikiwa gesi imepungua, basi pana tundu, na kuongeza gesi bila ya kuziba tundu ni kutia maji katika pakacha.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye jokofu anashauriwa kwanza kupima. Kipimajoto kitiwe ndani ya gilasi ya maji, kilazwe usiku kucha katika rafu ya kati. Kikionesha nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, jokofu halina ila. Kiganja cha mkono si kipimo, hasa wakati wa kaskazi.

Kipimo kikiwa juu ya hapo, uangaliwe mpira wa mlango. Kipande cha karatasi kibanwe mlangoni na kuvutwa. Kikitoka bila ya kushikwa, hewa inapenya. Mpira uliochafuka husafishwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na uliokauka huweza kulainika kwa kitambaa cha maji ya moto. Taa ya ndani nayo ikaguliwe kwa kubonyeza swichi yake kwa kidole, kwani taa isiyozimika mlango unapofungwa hutia joto mchana na usiku.

Hewa ya visiwani ina unyevu mwingi, na unyevu huo ukiingia huganda juu ya kisanduku. Watu wengi huuona utando mnene wa barafu kuwa ni dalili ya jokofu lenye nguvu, kumbe ni blanketi linalozuia ubaridi kutoka. Ukizidi nusu sentimita, jokofu lizimwe, mlango uachwe wazi, na bakuli la maji ya moto liwekwe ndani. Kisu kisitumike kabisa. Kuta za kisanduku ni bati jembamba la alumini lenye njia za gesi ndani yake, na pigo moja huweza kuwa mwisho wa jokofu. Majokofu mengi yaliyotupwa hayakufa kwa uzee bali kwa kisu.

Mabomba ya mgongoni yapanguswe vumbi na yaachiwe nafasi ya kiasi cha sentimita 10 kutoka ukutani. Penye upepo wa bahari yachunguzwe kutu pia, kwa kuwa chumvi huyala polepole.

Kompresa ikinguruma kidogo, ikalia “ta” na kunyamaza, mara nyingi umeme ni mdogo au kifaa cha kuiwashia kimeharibika, gesi haihusiki. Umeme ukikatika na kurudi, jokofu lisiwashwe kabla ya dakika 5 kupita.

Dalili za kuvuja ni nyingine: barafu hushika upande mmoja tu wa kisanduku, au doa la mafuta huonekana kwenye maungio ya mabomba. Hapo ndipo pahala pa fundi, naye asome kwanza kibandiko cha jokofu. Mengi yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yana gesi ya R12, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuiacha ifikapo 2010. Kwa hiyo iliyomo hukusanywa katika mtungi, haiachiwi hewani. R134a haitiwi mahali pake hivi hivi, kwa sababu hutaka mafuta mengine ya kompresa. R600a ni gesi inayowaka, na kuitia katika jokofu ambalo swichi zake hutoa cheche ni hatari ya moto.

Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari isisubiri matengenezo. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na 8, mbali na kisanduku cha barafu, kwani ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Jokofu likishindwa kufikia kiwango hicho, dawa ihamishiwe siku hiyo hiyo kwa jirani mwenye jokofu zima.