Kwa nini kibebeo cha baiskeli nyuma ya pikapu hucheza, na namna ya kukituliza

Mwendesha pikipiki anayefuata pikapu iliyobeba baiskeli katika barabara ya milimani kutoka Kigali kwenda Rubavu ana sababu ya kutazama mbele kwa makini. Kila gari linapovuka tuta au kukata kona, baiskeli zile huinama upande mmoja, kisha wa pili, na chuma kilichozibeba hugonga. Kwa dereva aliyefunga vioo, hiyo ni kelele tu. Kwa aliye nyuma, ni mzigo wa kilo 60 au zaidi unaoning'inia kwenye pini moja.

Rwanda imekuwa nchi ya baiskeli kwa muda mrefu, na mwezi Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Wageni na wenyeji huendesha pia katika njia ya Congo Nile, yenye urefu wa kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu. Baiskeli zinapohitaji kusafirishwa hadi huko, njia mojawapo ni kibebeo kinachochomekwa nyuma ya gari, mahali pa kuvutia tela. Vibebeo vya madumu ya mafuta na masanduku ya mizigo huchomekwa vivyo hivyo, na tatizo lake ni lile lile.

Mfumo huu umeenea zaidi Marekani. Chini ya fremu ya gari, upande wa nyuma, hufungwa bomba la mraba. Kibebeo nacho kina mkono wa chuma wa mraba unaoingia ndani ya bomba hilo, kisha pini hupitishwa ubavuni kuzuia mkono usichomoke. Kipimo cha kawaida kwa pikapu ni inchi 2, yaani milimita 50.8, na pini yake ni ya karibu milimita 16. Ili mkono uingie na kutoka bila nyundo, bomba hulazimika kuwa pana kuliko mkono, na tundu la pini kuwa pana kuliko pini. Nafasi hiyo ndiyo chanzo cha mtikisiko. Pini haikuwekwa ili kubana. Kazi yake ni kuzuia mkono usitoke tu, na hapo ndipo madereva wengi hukosea wanapodhani kwamba pini nene zaidi itamaliza tatizo.

Hesabu yake inashangaza. Tuseme nafasi ni milimita 2 na mkono umeingia sentimita 20 ndani ya bomba. Mita moja nyuma ya gari, ncha ya kibebeo itaweza kwenda zaidi kidogo ya sentimita 1 kila upande. Lakini mkono unaweza pia kujizungusha ndani ya bomba, kama ufunguo uliolegea katika kitasa, na huko ndiko kuliko na shida kubwa. Upana wa mkono ni sentimita 5 tu, kwa hiyo milimita 2 zile zile huruhusu usukani wa baiskeli ulio mita moja juu yake kuyumba kama sentimita 4 kila upande. Ndiyo maana kibebeo kirefu kwenda juu huyumba kuliko sanduku la mizigo lililolala chini, hata vyote vikichomekwa katika bomba moja.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kujua kinachocheza ni kipi. Gari likiwa limesimama, mtu mmoja atikise kibebeo, mwingine aweke kidole pale mkono unapoingia katika bomba. Kidole kikihisi chuma kinagonga chuma, ulegevu uko hapo. Kisipohisi kitu ilhali juu kunayumba, basi ni bawaba ya kukunjia kibebeo au bolti zake zilizolegea, au ni chuma chenyewe kinachonesa kidogo, jambo ambalo ni la kawaida. Na ikiwa bomba lote linasogea pamoja na mkono, safari isianze: bolti zinazolishika kwenye fremu zimelegea au kuna ufa katika sehemu iliyochomelewa.

Dawa iliyo rahisi kupatikana ni kibano: bolti yenye umbo la U inayozunguka mdomo wa bomba na mkono, na bamba la chuma lenye nati mbili. Nati zikikazwa, mkono husukumwa dhidi ya ukuta wa bomba na nafasi hupotea. Fundi wa kuchomelea mwenye uzoefu anaweza kutengeneza kibano hicho kwa vifaa vya kawaida. Nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, ili bamba lisilale upande, na zikaguliwe tena baada ya kilomita chache za kwanza, hasa katika barabara ya vumbi.

Njia ya pili ni bolti inayochukua nafasi ya pini. Hupita ukuta wa bomba na kujifunga katika nati iliyo ndani ya mkono, ikauvuta mkono wote ubavuni. Hukaza vizuri sana, ila nati hiyo isipokuwapo ndani, bolti haina pa kushika. Baadhi ya vibebeo vya bei ya juu huja na kabari ndani ya mkono, inayopanuliwa kwa kuzungusha kishikio cha nyuma.

Vipande vya mbao na mpira wa tairi kuukuu hutuliza kelele kwa siku chache. Mbao hunyonya maji na kupasuka, mpira hubonyea, na ulegevu hurudi dereva akiwa ameshaacha kuutazama. Vibati vyembamba vya chuma ni afadhali, mradi vishikwe visiteleze nje. Grisi huzuia kutu tu, haizibi nafasi. Kuchomelea mkono kwenye bomba moja kwa moja ni kosa, kwani kibebeo hakitatoka tena na moto unaweza kudhoofisha chuma kinachobeba mzigo wote.

Sehemu ya juu ya kibebeo inaweza kufungwa kwa mikanda miwili inayotanuka kama herufi V hadi kwenye kulabu imara za pikapu, si kwenye bampa la plastiki. Baiskeli nzito iwe ya kwanza karibu na gari: kilo 20 zilizo sentimita 90 kutoka kwenye bomba hulikaza mara tatu kuliko zikiwa sentimita 30. Kitabu cha kibebeo nacho kisomwe, kwa sababu watengenezaji wengi hupunguza uzito unaoruhusiwa katika barabara mbovu, na wengine hukataza kabisa matumizi hayo.

Mzigo ukishatulia, kuna ukaguzi mmoja zaidi: klipu inayozuia pini isitoke iwe mahali pake, na taa za breki na namba ya gari zionekane bila kuzibwa na magurudumu ya baiskeli.