Kutoka Dukani hadi Bunge la Kaunti

Mfanyabiashara wa Bukura anayetaka kutunga sheria hana haja ya kufika Nairobi. Bunge la Kaunti ya Kakamega liko karibu, na lilizaliwa na Katiba ya 2010. Wajumbe wake wa kwanza walichaguliwa tarehe 4 Machi 2013. Kaunti ina wadi 60, na kila wadi humchagua mwakilishi mmoja, ambaye wananchi humwita MCA. Eneo bunge la Lurambi, ambamo Bukura imo, lina wadi sita: tatu za Butsotso, pamoja na Shieywe, Mahiakalo na Shirere.

Mgombea wa aina hii hujulikana muda mrefu kabla ya kutangaza nia. Ni mwenye duka la pembejeo au mashine ya kusaga, mjumbe wa bodi ya shule, mweka hazina wa harambee ya kanisa, mtu wa kwanza kufikiwa msiba unapotokea. Daftari lake la madeni humweleza hali ya wadi vizuri kuliko ripoti nyingi. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga mwaka 1973, kilipozidiwa na madeni hadi kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, pigo halikuishia kwa wakulima wa miwa. Mkulima asiyelipwa halipi mbolea aliyokopa wala karo, na mwenye duka huliona hilo mapema.

Masharti ya kugombea ni mepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 193 cha Katiba kinamtaka mgombea awe mpigakura aliyesajiliwa na ateuliwe na chama. Akiamua kuwa mgombea huru, aungwe mkono na wapigakura wasiopungua 500 wa wadi yake, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mtumishi wa umma, akiwemo mhadhiri wa Chuo cha Kilimo cha Bukura, hulazimika kujiuzulu miezi sita kabla ya kura. Mfanyabiashara halazimiki kufunga duka. Hiyo ni nafuu kubwa: mwenzake anaishi bila mshahara huku yeye akiendelea kuuza.

Nguvu ya mali katika siasa za eneo hili ni ya zamani. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, kipato, mali na sifa nyingine za namna hiyo, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu. Katika Nyanza Kaskazini, ambamo eneo hili lilikuwa wakati huo, Masinde Muliro alimshinda W. W. W. Awori. Sasa kila mtu ana kura moja, lakini mali imerudi kupitia mchango wa mazishi, jezi za timu ya vijana na mafuta ya bodaboda. Ukarimu ni tabia njema, ila hauonyeshi kama mtoaji anaweza kusoma bajeti.

Na bajeti ndiyo kazi yenyewe. Bunge la Kaunti hupitisha makadirio ya matumizi na kila mwaka Sheria ya Fedha, inayoweka ada za leseni za biashara na ushuru wa soko. Humsimamia gavana katika afya, kilimo, barabara za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya ufundi. Hapa ndipo mfanyabiashara anapopaswa kuchunguzwa zaidi, kwa sababu ada anayoipigia kura atailipa dukani kwake pia. Sura ya Sita ya Katiba inamtaka kiongozi aepuke mgongano wa maslahi. Mwenye lori linalomwaga kokoto kwenye barabara ya kaunti hawezi kumhoji mkandarasi kwa uhuru. Akichaguliwa, lori hilo liondoke kwenye zabuni za kaunti, na liondoke kweli, si kuhamishiwa jina la shemeji. Anayekosa vikao vinane bila ruhusa ya Spika hupoteza kiti, kwa hiyo biashara lazima ipate msimamizi mwingine.

Kiti cha wadi kinaweza kumpeleka mtu mbali. Cleophas Malala aliiwakilisha Mahiakalo kuanzia 2013, akawa Seneta wa Kakamega mwaka 2017, kisha akashindwa na Fernandes Barasa katika kura ya ugavana iliyoahirishwa hadi 29 Agosti 2022 kwa sababu ya hitilafu katika karatasi za kura.

Uchaguzi Mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo, wapigakura wa Bukura wamtake kila mgombea mwenye biashara aseme hadharani ni zabuni zipi za kaunti anazo, na ataziacha lini.