Trei au Shamba: Piga Hesabu ya Malisho kwa Uzito Mkavu

Wauzaji wa vifaa vya haidroponiki, yaani kuotesha nafaka kwenye trei bila udongo, wanawaahidi wafugaji jambo moja: kilo 1 ya shayiri, baada ya siku 7, huwa kilo 7 za majani mabichi. Ni kweli. Lakini mfugaji wa Kiambu au Nakuru anayefikiria kuagiza trei atoe kalamu kwanza, kabla hajatoa pesa.

Katika kilo hizo 7, zaidi ya 6 ni maji. Ukiyakausha majani hayo, unabaki na gramu 840 hivi. Shayiri uliyoanza nayo, ikiondolewa unyevu wake, ilikuwa na gramu 880. Mbegu inapoota hula wanga wake yenyewe, na siku 7 hazitoshi kuurudisha. Kwa hiyo chakula hakijaongezeka. Umepata majani laini, yenye vitamini, ambayo ng'ombe huyapenda sana, na umeyalipia.

Tuseme shayiri ni shilingi 50 kwa kilo. Uzito mkavu wa majani yake utakugharimu karibu shilingi 60 kwa kilo, kabla ya kuhesabu trei, maji na kibarua. Robota la hei la kilo 15, ukilipata kwa shilingi 300, ni kama shilingi 23 kwa kilo kavu. Najua hei ni duni kwa protini, kwa hiyo si haki kuishia hapo. Majani ya trei yalinganishwe na chakula cha ng'ombe cha madukani. Gunia la kilo 70 likiwa shilingi 2,800, kilo kavu ni kama shilingi 45. Bado trei ni ghali. Weka bei za sokoni kwako, kisha urudie hesabu hii.

Tena trei haiondoi haja ya majani ya kawaida. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa huhitaji takriban kilo 12 za uzito mkavu kwa siku. Kumshibisha kwa shayiri iliyoota peke yake kungehitaji kilo 100 za majani mabichi, na hata hapo angekosa nyuzinyuzi za kumwezesha kucheua vizuri, na mafuta ya maziwa yangeshuka. Hei, nepia au silaji lazima iwepo.

Mbona basi wapo wanaoichagua? Ardhi ndiyo sababu kubwa. Anayefuga ng'ombe wawili kwenye ploti ndogo nje ya Nairobi hana pa kupanda nepia, na kiangazi kikikaza hei hupanda bei au hukosekana kabisa. Banda dogo la rafu humpa kijani kila siku kwa lita 2 au 3 za maji kwa kilo. Huyo simlaumu.

Ila ajue kazi iliyopo. Mbegu huloweshwa na trei hunyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku, Jumapili ikiwemo. Ukungu ndio adui mkuu: joto na trei chafu huualika, na majani yaliyoota ukungu hayafai kupewa ng'ombe. Osha trei kwa maji yenye jiki kila baada ya mavuno, kisha uzisuuze vizuri. Na tafadhali, mbegu za kupanda zilizopakwa dawa zisiguse trei zako kamwe. Nunua nafaka safi isiyo na dawa.

Kifaa cha bei ghali hakibadilishi hesabu ya uzito mkavu. Anza na rafu za mbao, neti ya kivuli na trei chache zilizotobolewa, kisha upime maziwa kwa mwezi mzima kabla ya kuongeza.

Ukiwa na walau robo ekari, pesa zako za kwanza zipeleke kwenye nepia au brakiaria, samadi, na shimo la silaji. Trei ziachie asiye na ardhi, mwenye mtu wa kuzihudumia kila siku na anayepata nafaka kwa bei nafuu.