Swali la Yai la Chura

Habari za Douglas Melton kwa kawaida huanzia kwenye kitanda cha mtoto. Mwaka 1991 mwanawe, mchanga wa miezi sita, alipatikana na kisukari aina ya kwanza. Miaka kumi baadaye dada yake naye, akiwa na umri wa miaka 14, akaambiwa ana ugonjwa uleule. Baba, profesa wa Harvard aliyekuwa akichunguza viinitete vya vyura, alikuwa ameshaweka vyura kando na kuanza kuitafuta tiba tangu mwana alipougua. Magazeti yanaipenda hadithi hii, na haina uongo ndani yake. Kasoro yake ni kwamba inamruka chura.

Mapenzi ya baba hayafundishi seli kutengeneza insulini. Yangekuwa yanafundisha, ugonjwa huu ungekwisha zamani, maana wazazi wenye uchungu hawajawahi kuadimika popote. Melton aliingia kwenye kisukari akiwa na kitu ambacho wazazi wengine hawakuwa nacho: miaka mingi ya kuliuliza yai la chura swali ambalo wakati huo halikuonekana kuwa na faida kwa mgonjwa yeyote.

Alizaliwa mwaka 1953, akasoma biolojia Chuo Kikuu cha Illinois, kisha akavuka bahari hadi Cambridge, Uingereza. Huko alianza na historia na falsafa ya sayansi, shahada ambayo mzazi wa kwetu angeuliza inalipwa na wizara gani, halafu akafanya udaktari wa falsafa chini ya John Gurdon. Gurdon ndiye aliyekuwa amechukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakipandikiza ndani ya yai lililoondolewa kiini chake, na yai hilo likakua. Maana yake ni kwamba seli ya utumbo haijatupa maelekezo ya kutengeneza mwili mzima. Imeyafunga tu kabatini. Gurdon alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2012, miaka 50 baada ya kuichapisha.

Chura mwenyewe anastahili maneno machache. Ni Xenopus laevis, chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika, aishiye majini. Alisambaa duniani kwa sababu ya hospitali. Kuanzia miaka ya 1930 mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa chura jike, na akitaga mayai baada ya saa chache, mwanamke ni mjamzito. Vipimo vya kemikali vilipokuja, chura alipoteza kazi hospitalini lakini akabaki maabara za vyuo vikuu. Profesa wetu naye angehama siku moja, lakini chura ndiye aliyetangulia kubadilisha mwajiri.

Yai lake lina upana unaozidi milimita moja kidogo, kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho na kudungwa sindano nyembamba. Juu ni jeusi, chini ni jeupe. Hata kabla mbegu ya dume haijafika, pande zake mbili si sawa, na hapo ndipo swali lilipo. Seli moja inagawanyika kuwa mbili, nne, nane. Zipo zitakazokuwa ngozi, nyingine misuli, nyingine utumbo. Nani amegawa kazi? Mwaka 1985, akiwa tayari Harvard, Melton na wanafunzi wake walionyesha kwamba baadhi ya ujumbe wa RNA hauelei ovyo ndani ya yai bali umewekwa upande maalumu. Mmoja, ulioitwa Vg1, umelala kwenye sehemu nyeupe ya chini. Mama chura anamwachia mtoto maagizo, na anayaacha mahali anapotaka yasomwe.

Ili kuchunguza mambo hayo walihitaji RNA nyingi, na haikuwa ikiuzwa dukani. Mwaka 1984 Melton, Paul Krieg na wenzao walitumia kimeng'enya cha SP6, virusi vinavyoshambulia bakteria, kutengeneza RNA ndani ya kichupa cha maabara. Krieg na Melton wakaidunga ndani ya mayai ya chura, na mayai yakaisoma na kutoa protini iliyoandikwa humo. Suala la kuomba hataza lilizungumzwa, likaachwa. Zana zile walizikabidhi kwa kampuni ya Promega ya Madison, Wisconsin, ili wanasayansi wengine wazipate. Malipo yao yalikuwa mrabaha wa kiasi na kasha la shampeni ya Veuve Clicquot. Miaka 36 baadaye chanjo za RNA dhidi ya UVIKO-19 zilitengenezwa kwa njia ya ukoo huohuo, kwa kimeng'enya cha virusi kingine, T7. Wenye hataza za insulini waliwahi kuzikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, kwa hiyo huwezi kusema Melton na Krieg walipunjwa kuliko wote. Angalau wao walikunywa kitu.

Mguu wake wa kwanza ndani ya biashara ya dawa uliingia mapema, kabla ya mtoto kuugua. Melton alikuwa ameonyesha pia kwamba RNA iliyoandikwa kinyumenyume inaweza kuzuia ujumbe wa kawaida usisomwe. Mwaka 1987 daktari Michael Riordan alianzisha kampuni akiwa na ndoto ya kutengeneza dawa za namna hiyo, na Melton akawa miongoni mwa washauri wake wa kisayansi. Kampuni hiyo ni Gilead. Ndoto ile siyo iliyoitajirisha. Kampuni iligeukia molekuli ndogo za kupambana na virusi, mojawapo ikiwa tenofovir, iliyotoka kwenye kazi ya Antonín Holý huko Prague, na ambayo leo imo ndani ya kidonge kinachomezwa kila siku na watu wanaoishi na VVU kuanzia Mwanza hadi Kisumu. Wazo la mshauri lilikwama, kampuni ikafaulu. Vitabu vya biashara havipendi sura za namna hii.

Kisha kisukari. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili inaziua seli beta zilizo kwenye visiwa vya Langerhans ndani ya kongosho, na bila seli hizo hakuna insulini. Mwaka 2000 madaktari wa Edmonton, Kanada, walitangaza kwamba wagonjwa saba waliopandikizwa visiwa vya marehemu wameacha kujidunga. Njia ilikuwepo, visiwa havikutosha. Makongosho yanayotolewa na marehemu ni machache mno mbele ya foleni ya wagonjwa. Melton aliona kwamba seli hizo zinapaswa kutengenezwa, na malighafi ikawa imeshapatikana: seli shina za kiinitete cha binadamu, zilizooteshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998 huko Wisconsin.

Tarehe 9 Agosti 2001 Rais George W. Bush alitangaza kwamba fedha za serikali ya Marekani zitatumika kwa nasaba za seli zilizokwisha kuwepo tu. Melton alitafuta fedha binafsi na kujenga maabara ya pembeni, yenye mhasibu wa kuhakikisha kwamba hakuna senti ya serikali inayoingia humo. Hesabu zilitenganishwa hadi balbu za taa. Mtu anayedhani sayansi hufanywa na darubini peke yake aitafakari balbu hiyo. Mwaka 2004 walitangaza nasaba 17 mpya na kuwagawia watafiti wengine bila malipo, na mwaka huohuo taasisi ya seli shina ya Harvard ikaanzishwa, Melton akiwa mmoja wa wakurugenzi wake wawili.

Sasa chura anarudi. Seli shina haijui kwamba inatakiwa kuwa kongosho. Lazima iambiwe, kwa utaratibu, kama kiinitete kinavyoambiwa tumboni: kwanza uwe tabaka la ndani, kisha utumbo, kisha chipukizi la kongosho, kisha seli beta. Neno la kwanza katika mfululizo huo ni protini iitwayo aktivini, ya ukoo mmoja na ile ya Vg1. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aktivini ilikuwa gumzo la watu wa vyura. Melton na mwenzake Ali Hemmati-Brivanlou waliwahi kuziba masikio ya seli za kiinitete kwa kuzipa kipokezi kibovu cha aktivini. Zikawa viziwi. Tabaka la kati la mwili halikujengeka, na la kushangaza zaidi, seli ambazo hazikusikia agizo lolote zilielekea kuwa neva. Kazi hiyo haikuwa na mgonjwa hata mmoja ndani yake. Miaka kumi na kitu baadaye, mtu aliyetaka kuielekeza seli ya binadamu kwenye kongosho alipaswa kuanza na chupa ya aktivini.

Walioonyesha hilo kwa ufasaha, mwaka 2005, hawakuwa wa Harvard. Walikuwa wa kampuni changa ya San Diego iliyokuja kuitwa ViaCyte. Nalitaja kwa sababu tumezoea kugawa kazi: chuo kinafikiri, kampuni inauza. Hapa kampuni ilitoa makala ya msingi ambayo maabara za vyuo zilikwenda kuisoma.

Harvard walitumia karibu miaka 20 na, kwa makadirio ya Melton mwenyewe, dola milioni 50 hivi, kwa maabara ya watu 15 au zaidi kidogo. Jioni moja mwaka 2014 walitia rangi ya kupimia ndani ya chupa. Seli zikiwa zinatengeneza insulini, kimiminika kitageuka buluu. Kikageuka, polepole, kikakolea. Makala ilitoka mwezi Oktoba katika jarida la Cell. Utaratibu wake una hatua sita na huchukua mwezi hivi, ndani ya chupa za nusu lita zinazozungushwa bila kupumzika.

Katikati ya safari hiyo kuna ukurasa ambao wasifu rasmi huupitia haraka. Mwaka 2013 maabara hiyohiyo ilitangaza homoni waliyoiita betatrofini, wakidai inazifanya seli beta za panya ziongezeke kwa kasi. Habari zilisambaa, watu walizungumza kana kwamba sindano za insulini zinahesabiwa siku. Wengine waliporudia jaribio, wakiwemo watafiti wa kampuni ya Regeneron, hawakuiona athari ile. Melton alirudia mwenyewe, akishirikiana na waliomtilia shaka, akachapisha kwamba matokeo hayasimami, na mwisho wa 2016 makala ya awali ikaondolewa. Kwangu mimi ukurasa huu una uzito kuliko tuzo kadhaa. Wapo maprofesa wanaotetea makala yao mbovu hadi kustaafu, na hupewa hafla nzuri ya kuagwa.

Kampuni ya Melton ilianzishwa mwaka 2014. Jina lake, Semma, limeunganishwa kutoka majina ya watoto wake wawili; sikio la Mswahili linasikia amri ya kuzungumza. Kilichokuwa kikitafutwa pale ni marudio. Chuoni chupa moja iliyogeuka buluu ni makala. Kwa mgonjwa, chupa ya Jumatatu lazima ifanane na ya Alhamisi, na ndani ya mamia ya mamilioni ya seli isiwepo iliyobaki shina, kwa kuwa hiyo inaweza kuota uvimbe. Kazi ya namna hiyo haimpatii mwanafunzi shahada, haichapishwi na jarida kubwa, na inameza fedha kwa kiwango ambacho hakuna mfuko wa utafiti unaokivumilia. Mwaka 2019 kampuni ya Vertex ya Boston ilikubali kuinunua Semma kwa dola milioni 950 taslimu. Mwaka 2022 ikainunua na ViaCyte, kwa dola milioni 320. Mwaka huohuo Melton, baada ya miongo minne Harvard, alivuka mto Charles akahamia Vertex.

Huenda wenzake wengine walisikitika, kama ndugu anapoolewa mbali. Lakini ukiangalia kwa makini, hakuacha swali lake. Amelipeleka kwa mwenye nyumba mwingine, ambaye kodi yake ni kubwa na ana haraka zaidi.

Seli zilizotengenezwa hivyo hupenyezwa kwenye mshipa mkubwa wa damu unaoingia kwenye ini, na huko hutulia na kuanza kazi. Mgonjwa wa kwanza, mpeleka barua mstaafu wa Ohio ambaye sukari ilikuwa ikimshuka hadi anapoteza fahamu bila dalili yoyote kutangulia, alitiwa seli hizo katikati ya 2021. Matokeo ya kundi lililofuata njia hiyo yalichapishwa Juni 2025: kati ya wagonjwa 12 waliopata dozi kamili ya seli milioni 800, wote waliepukana na mishuko mikali ya sukari, na 10 hawakuhitaji tena insulini baada ya mwaka mmoja. Katika jaribio zima la watu 14, wawili walifariki, mmoja kwa homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi, mwingine kwa ugonjwa wa ubongo uliozidi. Vertex ilieleza kwamba vifo hivyo havikusababishwa na seli zenyewe. Lakini wote wanaopandikizwa humeza dawa za kupunguza kinga, na fangasi hupenda mwili usio na askari.

Hapo ndipo kazi ilipokwama kwa sasa. Kifuko cha kuzificha seli zisionwe na kinga kilijaribiwa, na Machi 2025 Vertex ikakiacha kwa sababu hakikutoa insulini ya kutosha. Jaribio lile la seli zisizo na kifuko liliwapokea tu wale ambao mishuko ya sukari inahatarisha uhai wao, kwa kuwa kwao pekee kubadilishana sindano na dawa za kinga kunalipa. Kijana mwenye kisukari aina ya kwanza anayejidunga vizuri na kuamka salama kila asubuhi hakutimiza masharti. Seli zenyewe ziliitwa VX-880, na sasa zinaitwa zimislecel. Jina la wale watoto wawili liliondoka na mauzo.