Je, Wajua? Ndege ya Mfano Ilivuka Bahari ya Atlantiki

Je, wajua kwamba ndege ya mfano yenye uzito usiofika kilo 5 iliwahi kuvuka Bahari ya Atlantiki?

• Iliitwa TAM 5. Ilirushwa kwa mkono kutoka Cape Spear, Kanada, Agosti 9, 2003, na ikatua karibu na Clifden, Ireland, Agosti 11. Ilisafiri takriban kilomita 3,030 kwa saa 38 na dakika 52.

• Kiongozi wa kazi hiyo, mhandisi mstaafu wa Marekani Maynard Hill, alikuwa na umri wa miaka 77 na uwezo wake wa kuona ulikuwa umefifia sana.

• Injini ya ndege hiyo, ya sentimita za ujazo 10, ilitumia petroli iliyosafishwa sana, ile ya taa na majiko ya kambini. Karibu nusu ya uzito wa ndege wakati wa kuruka ilikuwa mafuta.

• Marubani waliokuwa chini waliiongoza kwa redio ilipoanza kuruka na ilipotua. Katikati ya bahari iliongozwa na kompyuta na setilaiti.

• Siri ya kufika mbali ilikuwa kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Mafuta yakizidi kipimo katika mchanganyiko huo, injini hutoa moshi na kumaliza tangi mapema. Yakipungua mno, hupata joto kali na huweza kuzima angani.

Ukiwa na ndege ya aina hii, zungusha skrubu ya kabureta kidogo kidogo, sikiliza mlio wa injini, na usiirushe ndege kabla injini haijatulia.