Habari za Peni Nne

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za London ya miaka mia nne iliyopita.

Mwaka 1618 vita vilizuka Ujerumani. Elizabeth, binti wa Mfalme James wa Uingereza, alikuwa ameolewa huko, na mumewe aliponyang'anywa nchi, watu wa London walitaka kujua kulikoni. Wauza vitabu wakaiona faida. Kufikia 1622 akina Nathaniel Butter na Nicholas Bourne walikuwa wakitoa vijarida vya habari za ng'ambo karibu kila wiki.

Ben Jonson, mtunzi wa michezo ya kuigiza, alivichukia. Mwanzoni mwa 1626 akapandisha jukwaani mchezo wa kuchekesha, The Staple of News. Uliigizwa na kundi la mfalme, lile lile alilokuwa nalo Shakespeare enzi za uhai wake.

Humo mna ofisi inayouza habari kama duka linavyouza nguo. Ina msajili na makarani, na mmoja wao ni kinyozi aliyenunuliwa kazi hiyo na kijana tajiri. Ina wajumbe wanne: mmoja kwa mfalme, mmoja kwenye kanisa la Mtakatifu Paulo, mmoja sokoni kwa matajiri, mmoja mahakamani. Habari zikiletwa zinapangwa: za kuaminika huku, za mashaka kule, zile za vinyozi, washona nguo na wapagazi. Lakini zote zinauzwa! Ati mfalme wa Hispania amefanywa Papa. Ati jeshi litavuka bahari likiwa limevaa viatu vya kuelea.

Sasa anaingia mama wa shamba. Anataka habari za peni nne, zozote zile, ampelekee kasisi wao siku ya Jumamosi. Hajali ni za nini. Karani anamwambia asubiri mpaka wajumbe walete. Kisha siri inatolewa: wateja wa namna hii wakihudumiwa upesi, ofisi itashuka hadhi, kwa hiyo waacheni wangoje. Hapo ndipo Jonson alipopiga penyewe. Huyu mama si mjinga. Ana kiu tu, na wenye ofisi wanaijua kiu yake, wanaipima na kuitoza bei. Ukweli hakuna aliyeuuliza, si muuzaji wala mnunuzi.

Mwishoni bibi Pecunia, ambaye ndiye fedha yenyewe, anawaponyoka wenye ofisi, na ofisi nzima inasambaratika mara moja.

Je, watu walimwelewa? Mchezo ulipochapwa kuwa kitabu mwaka 1631, Jonson alilazimika kuweka maelezo katikati yake, kabla ya sehemu ya tatu. Alisema kusudi lake halikueleweka kabisa, na kwamba upuuzi ule haukuwa wake: ulikuwa wa zama zake, ukipikwa nyumbani na kuuzwa kila Jumamosi ili kuchuma fedha za watu.